Milimita Kumi na Nne

Mwalimu Kokuhirwa, mlangoni uliweka kopo la maziwa ya unga
na kila aliyeingia alitumbukiza ufutio wake humo.
Ulisema: namba iliyofutwa ni shahidi aliyezikwa usiku.
Ukikosea, kata mstari mmoja, mwembamba,
tuione ilivyokuwa.

Tulikuita Mama Nukta.
Mahundi aliweza kukuigiza hadi kikohozi,
hadi ulivyolishika daftari langu kwa vidole viwili
kama mtu aliyeokota panya.

Mwezi wa pili, jua la Dar halimheshimu mtu,
tulitoka na leveli kwenye nguzo ya zege nyuma ya karakana,
tukashuka mteremko wa Changanyikeni, tukapanda,
vituo thelathini na kimoja, tukarudi pale pale tulipoanzia.
Hesabu ikakataa.
Milimita kumi na nne zilikuwa zimeanguka
mahali fulani katika mihogo ya watu.

Kumi na nne! Upana wa kucha ya dole gumba.
Nikaketi kwenye kivuli cha tangi, nikazigawa,
mbili hapa, moja pale, tatu kule bondeni,
kama ndugu wanaogawana madeni ya marehemu,
hadi mzunguko ukafunga, safi.

Safi mno. Hapo ndipo uliponikamata.
"Chediel, ardhi haina unyoofu huu.
Rudi."

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya mitihani.
Nilirudi na Shekilindi, aliyenishikia fimbo
kwa ahadi ya chipsi mayai, akinilaani kwa Kisambaa
kila tulipohama kituo.

Nilikuchukia, Mwalimu. Niseme kweli,
haikuwa chuki ya kitoto, niliitunza ikazaa riba.
Ulinipa C. Siku ya mahafali
niliuona mkono wako unakuja, nikainama kufunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.

Sasa sikia.
Machi hii, Kigogo, mfereji mpya.
Mkandarasi kavaa viatu vyeupe, anatazama saa,
fomu iko tayari, imebaki sahihi yangu tu.
Kijana wangu wa leveli ananiletea hesabu:
zimefunga kwenye sifuri. Sifuri tupu.
Nikatazama nyumba zilizo kando,
mstari wa tope la mwaka jana ukutani,
usawa wa kitasa.
Nikasikia kikohozi. Kugeuka, hakuna mtu.
Nikasema, kwa sauti isiyo yangu:
"Maji hayasomi ripoti. Turudie."

Kijana akanitazama.
Macho yale niliyafahamu,
niliyavaa miaka mitatu.

Magharibi, kituo cha tisa, tukalikuta kosa:
sentimita sita. Mfereji ulikuwa unapanda.
Maji yangefika pale, yangefikiri kidogo,
kisha yangerudi kulala kwa watu.

Jumapili nikaja Goba kukwambia.
Njia nzima nilipanga maneno kama mpeleka posa.
Nikakukuta barazani unachambua choroko, miwani minene,
mkono wa kushoto umelala pajani, haufanyi kazi.
Ukaniambia jina langu limekutoka,
majina mengi yamekutoka tangu uugue.
Nikasema si neno, Mwalimu, nimepita tu kukusalimu,
na hotuba yangu yote ikanikauka mdomoni.

Ukainua kidole. Kile kile.
"Ngoja. Kumi na nne.
Zilikuwa wapi?"

Kituo cha kumi na saba, Mwalimu.
Fimbo ilizama kwenye tuta la muhogo
wakati nahamisha leveli. Sikuangalia.

Ukatikisa kichwa, taratibu, ukarudi kwenye ungo.
Ukapapasa, ukatoa kijiwe kimoja,
hukukitupa.
Ukakiweka juu ya meza, mahali peupe,
tukione.